Muhogo Mchungu: Kula na Kukaa Ugenini katika Maisha ya Tippu Tip

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ni miongoni mwa vitabu vichache vya Kiswahili cha kale ambavyo mwanafunzi wa Kongo anaweza kuvisoma akikuta ndani yake majina ya mito, wafalme na makabila ya nchi yake mwenyewe. Tippu Tip aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, katika uzee wake huko Unguja, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliyahamishia katika herufi za Kilatini na kuyatoa pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyachapisha upya na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959, na Padri François Bontinck akayatoa kwa Kifaransa huko Bruxelles mwaka 1974, akiyasindikiza kwa maelezo mengi ambayo kila mtafiti aliyefuata ameyategemea.

Wanahistoria wamekitumia kitabu hiki kama ghala la habari za biashara ya pembe na watumwa. Wanaisimu wamekitazama kama kielelezo cha Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19. Wanafasihi, ambao kama kawaida walichelewa kufika, wamejadili kama ni tawasifu kamili au ni habari za safari tu. Katika majadiliano hayo yote limepita bila kuulizwa swali dogo ambalo mwenyeji yeyote wa Kasongo au wa Kindu angeliuliza kwanza: mgeni huyu, ambaye safari yake ya tatu peke yake ilimweka bara tangu mwaka 1870 hata 1882, alikula nini, alipikiwa na nani, na alijifunza nini katika chungu cha wenyeji wake?

Swali hilo si la mzaha. Mtu akikaa ugenini, mambo mengi anaweza kuyafanya kwa kujificha: anaweza kusema lugha yake chumbani, kuswali peke yake, kuvaa nguo za kwao. Chakula hakimpi nafasi hiyo. Lazima kitoke katika shamba la mtu, kipikwe kwa maji ya kisima cha mtu, na kiandaliwe kwa desturi ambayo ama mgeni anaijua ama haijui. Kwa hiyo mahali ambapo chakula kinatajwa, au kinanyamaziwa, ndipo msomaji anapoweza kupima kwa haki ukaaji wa Tippu Tip katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Jambo la kwanza linalodhihirika ni ukavu wa maelezo. Chakula katika Maisha ni akiba: kipo au hakipo, kinatosha au kimepungua, kinapatikana mbele baada ya siku kadhaa za mwendo. Karibu hakuna mahali pa ladha, wala pa harufu, wala pa mkono uliopika. Mtu anaweza kusema kwamba huo ndio mtindo wa mfanyabiashara, ambaye kwake kila kitu ni hesabu, na kwamba si haki kumdai pishi mtu aliyekusudia kueleza biashara. Hoja hiyo ingekubalika kama kitabu chenyewe kingekuwa daftari. Lakini sivyo. Msomaji anajua jinsi kitabu hiki kilivyojaa mazungumzo: wafalme wanajibizana na wageni, jamaa wanabishana juu ya njia ya kufuata, maneno ya watu yanaletwa kama yalivyotoka kinywani. Mwandishi ambaye baada ya miaka thelathini anakumbuka nani alisema nini, na kwa hasira gani, hakukosa kumbukumbu ya alichokula. Alichagua kisichofaa kuandikwa.

Hapa mfano wa mwaka 1867 unafaa. Baada ya kumshinda Nsama wa Itawa, Tippu Tip alikutana na David Livingstone, aliyekuwa akisafiri kwa shida. Livingstone aliandika katika daftari lake kwamba alipewa mbuzi, kipande cha kitambaa cheupe, shanga na mfuko wa mtama, na kwamba mtoaji aliomba radhi kwa kuwa zawadi ilikuwa ndogo. Kuomba radhi kwa udogo wa zawadi ni adabu ya pwani iliyo kamili. Hata leo mwenye nyumba wa Unguja akiandaa sinia lililojaa atasema hakuna kitu. Adabu hiyo Tippu Tip alisafiri nayo salama. Lakini mtama ule ulilimwa na nani? Vita vya Nsama vilikuwa vimepita juu ya nchi yenye nafaka, na msafara mkubwa ulikuwa ukiishi juu ya nafaka hiyo. Mwingereza aliuandika mfuko kwa sababu alikuwa na njaa. Katika Maisha tukio la kukutana kwao ni la maneno machache tu. Mgeni alimkirimu mgeni mwenziwe kwa chakula cha mwenyeji aliyeshindwa, na mwenyeji huyo hayumo katika habari ya karamu.

Mahali pamoja, hata hivyo, chakula kinavunja ukimya huo, na hapo ndipo penye thamani kubwa kuliko kurasa nyingi za vita. Katika mwendo wa kwenda kwa Nsama, watu wa msafara, wenye njaa ya siku nyingi, waliingia katika nchi yenye mihogo tele. Wakala. Baada ya muda mfupi wakaanza kutapika na kuharisha, na wengine wakafa. Muhogo ule ulikuwa mchungu, nao hauliwi bila kutengenezwa kwanza.

Kila mwanafunzi aliyekulia kijijini katika Kongo anaelewa mara moja kilichotokea. Muhogo mchungu una dutu ambayo, mzizi ukikatwa au kutafunwa, hutoa sumu ya sianidi. Wanawake wa bara hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Huumenya na kuuloweka majini siku tatu au nne hata ulainike na kuchachuka, kisha huutoa, huukausha juani, na ndipo huutwanga kuwa unga. Sumu huondoka pamoja na maji. Kazi hiyo ni ndefu na ina kanuni zake: maji yawe ya namna gani, siku ziongezwe wakati wa baridi, dalili gani katika mzizi zionyeshe kwamba umeiva. Yote hayo ni elimu. Ilikaa mikononi mwa watu ambao msafara uliwafukuza, uliwateka au uliwapita bila kuwasalimu.

Linalohusu zaidi taaluma ya lugha ni hili: neno lilikuwa lile lile. Katika Unguja na mwambao wote, muhogo unaoliwa kila siku ni mtamu kwa kawaida. Huchemshwa, huchomwa, hupikwa kwa nazi, na mtoto anaweza kuung'oa na kuutafuna mbichi akienda zake. Mtu wa pwani alipouona mmea ule ule, wenye majani yale yale, akauita kwa jina alilokuja nalo, hakuwa na sababu katika lugha yake ya kuogopa. Jina lilimhakikishia kwamba yuko nyumbani. Kwa kawaida husemwa kwamba Kiswahili kilifungua bara kwa sababu kiliwapa wasafiri njia ya kuzungumza na kila mtu. Ni kweli, lakini kisa cha muhogo kinaonyesha upande wa pili wa jambo hilo: lugha inayokwenda mbali inaweza pia kumfanya msemaji wake aamini kwamba anakijua kitu kwa sababu anacho cha kukiitia. Wale waliokufa waliuawa na njaa na sumu, bila shaka; hata hivyo neno nalo lilikuwa na fungu lake.

Kwamba jambo hilo halikuwa la bahati mbaya ya siku moja, historia ya baadaye imethibitisha. Miaka ishirini baada ya kisa kile, huko Yambuya kwenye mto Aruwimi, kikosi cha nyuma cha msafara wa Stanley wa kumwendea Emin Pasha kiliachwa kikingoja, tangu Juni 1887 hata Juni 1888, wapagazi ambao Tippu Tip alikuwa ameahidi. Watu wa kikosi hicho, wengi wao wakiwa wa Unguja, waliishi kwa muhogo mchungu ambao hawakuutengeneza inavyotakiwa, wakadhoofika na kufa kwa wingi. Stanley mwenyewe, aliporudi na kuwakuta katika hali ile, aliandika kwamba muhogo ule ulikuwa ukiwatia sumu. Maisha yanausimulia ugomvi wa Tippu Tip na Stanley juu ya ahadi ile kwa urefu na kwa uchungu, nani alivunja mapatano na nani alisema uongo. Msomaji wa Kongo ana haki ya kustaajabu kwamba miaka ishirini ya kukaa, kuoa, kujenga na kutawala haikutosha kuwafikishia watu wa pwani waliokuwa Yambuya habari ya kuloweka muhogo siku nne.

Je, ina maana kwamba Tippu Tip hakujua desturi za wenyeji? Hapana, na hapa usomaji rahisi unaomfanya mnyang'anyi mjinga unakosea kama ule unaomfanya mwana wa tamaduni zote. Alizijua desturi vizuri sana, ila alizijua kwa kuchagua. Mfano ulio mashuhuri ni wa Utetera. Alisikia njiani habari za dada wawili wa ukoo wa kifalme waliotekwa zamani katika vita vya Warua na kuchukuliwa mbali. Alipofika kwa mfalme mzee Kasongo Rushie, alijitambulisha kuwa ni mjukuu wa mmoja wa dada hao, kwa upande wa mama yake. Mzee akamkubali kama damu yake na kumwachia nchi, na pembe zote zikawa zake. Watafiti wengi wameona hapo hila tupu. Liwe la hila au liwe la kweli, kisa hicho hakikuwezekana ila kwa mtu aliyeelewa kwa undani kwamba katika nchi ile mtoto wa dada ana haki ambazo mgeni hawezi kuzinunua kwa nguo wala kwa shanga. Elimu hiyo ni ya ndani kabisa, na aliipata kwa kusikiliza.

Tofauti ya visa hivi viwili ndiyo inayofaa kuzingatiwa na mhakiki. Desturi ya ukoo ilijifunzwa kwa kuwa ilizaa utawala. Desturi ya chungu haikujifunzwa, au haikuandikwa, kwa kuwa ilizaa chakula tu, na chakula kingepatikana kwa njia nyingine. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tippu Tip aliiruka siku ya tatu. Kabla ya kupewa jembe alijifanya mtoto wa nyumba, na mara tu alipokuwa mtoto wa nyumba akawa mwenye nyumba, na majembe yakabaki kwa wengine.

Yapo pia maneno ya kitabu kuhusu wapiganaji wa bara waliofuatana naye, kwamba walikula nyama ya watu. Tuhuma hiyo imerudiwa mno na Wazungu wa zama zile, na si kazi ya makala haya kuipima. Linaloshangaza ni uzani wake katika Maisha: mwandishi ambaye karibu hana neno juu ya wali, samaki, mawese au ndizi za wenyeji wake, analo neno juu ya chakula hicho kimoja. Mlo wa mwenyeji unaingia katika simulizi pale tu unapochukiza. (Katika Katanga ya wakati wa ukoloni tuhuma iligeuka upande wa pili: watu waliamini kwamba batumbula, watumishi wa Wazungu, waliwakamata Waafrika usiku ili waliwe. Rik Ceyssens aliichunguza imani hiyo mwaka 1975. Ni dhahiri kwamba asiyekula pamoja na jirani yake hakawii kuuliza jirani huyo anakula nini.)

Ili kuona kitabu kimeacha nini nje, inatosha kukiweka kando ya maandishi ya wasafiri wengine wa siku zile. Soko la Nyangwe juu ya Lualaba lilikuwa la wanawake. Stanley, aliyefika huko mwaka 1876, aliorodhesha bidhaa zake: mahindi, ufuta, maharage, karanga, mihogo na mikate ya mihogo, ndizi, miwa, mawese, asali, kuku, samaki wabichi na wakavu, konokono, kumbikumbi, panzi, chumvi, malofu, na mengine mengi, hadi mikeka na vyungu. Orodha hiyo ni picha ya nchi iliyokuwa ikijilisha vizuri na kubadilishana kwa taratibu zake. Ni soko hilo hilo ambalo miaka mitano kabla, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara wa pwani wakiwapiga wachuuzi kwa bunduki, na wanawake wengi wakafa maji mtoni. Tippu Tip hakuwapo siku hiyo, wala hapaswi kubebeshwa damu ile. Lakini yeye aliishi katika mji jirani, akila kutoka katika mashamba na masoko ya namna hiyo, na soko kama mahali pa watu wenye sauti halimo katika simulizi lake.

Yapo mengine ambayo watu wa pwani waliyaleta, na haki inataka yasemwe. Mpunga uliingia Maniema pamoja nao. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, alieleza mji wenye mashamba makubwa, maghala ya nafaka, na miti ya michungwa, mipera na mikomamanga. Mji ule ulikuwa jaribio la kuifanya Unguja ndogo kando ya Lualaba: badala ya mgeni kujifunza chakula cha nchi, nchi ilifundishwa chakula cha mgeni. Walioulima mpunga huo walikuwa watumwa na watu waliolazimishwa. Na serikali ya Kibelgiji, ilipoanzisha kilimo cha lazima mwaka 1917, ilikuta desturi ya kulimisha watu kwa nguvu imekwisha kuota mizizi. Hata hivyo mpunga ulibaki, ukawa wa wenyeji. Leo mchele wa Kindu na wa Kasongo hautiliwi shaka na mtu kuwa ni chakula cha Maniema, na Waislamu wa huko hawausherehekei kama kumbukumbu ya Unguja. Ni chakula chao cha Idi, basi.

Lugha imetunza hesabu ya mabadilishano hayo kuliko kitabu. Msemaji wa pwani hutofautisha mpunga ulio shambani, mchele uliokobolewa na wali ulioiva. Katika Kiswahili cha miji ya Kongo, neno moja, muchele au mupunga kwa kadiri ya mahali, huweza kutumika kwa nafaka na kwa chakula kilichoiva. Zao lilipokelewa, lakini mgawanyo wa maneno uliolizunguka nyumbani kwake haukupokelewa wote. Kwa upande wa muhogo mambo ni kinyume. Majani yake, ambayo pwani huitwa kisamvu, kwetu ni sombe. Unga wake, peke yake au pamoja na wa mahindi, huwa bukari. Na mzizi uliolowekwa una majina yake katika kila lugha ya mto. Kiswahili kilipofika kwenye chungu cha muhogo hakikuweza kuamuru. Kililazimika kukopa, na kilikopa kutoka kwa wale wale ambao Maisha hayawataji.

Inafaa kukumbuka pia kwamba katika mwaka 1903 ule ule Carl Velten alitoa Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa mrima. Humo desturi za pwani zimeelezwa kwa subira, tangu kuzaliwa hadi kufa. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba nathari ya Kiswahili ya wakati huo haikuwa na njia ya kueleza maisha ya kila siku. Ilikuwa nayo, ila iliitumia kwa nyumbani. Bara lilikuwa mahali pa matukio. Desturi, zenye kustahili sura nzima, zilikuwa za kwao. Mgawanyo huo haukuvumbuliwa na Wazungu peke yao, na wanafunzi wanaozoea kuulaumu ukoloni kwa kila kitu wangefaidika kuusoma katika Kiswahili chenyewe.

Hayo hayapunguzi thamani ya Maisha kama nathari. Ufupi wa sentensi zake, kasi ya masimulizi, na jinsi mazungumzo yanavyoachwa yajieleze bila mwandishi kuingilia, ni mambo ambayo waandishi wengi wa baadaye hawakuyafikia. Lakini kitabu kinachosomeshwa katika Kongo kinahitaji toleo lililotengenezwa kwa ajili ya Kongo. Whiteley aliwaandikia wasomaji wa Kiingereza, na Bontinck aliwaandikia kwanza wanahistoria. Toleo la hapa lingeweka, mbele ya jina la Kasongo Rushie, nasaba kama zinavyosimuliwa na wazee wa Kitetela wenyewe. Na mbele ya kisa cha muhogo lingeeleza aina za mihogo ya nchi ile, majina yake kwa lugha za wenyeji, maji yanayofaa na idadi ya siku. Kwa sehemu hiyo ya pili nyaraka zitasaidia kidogo. Wa kuulizwa ni wanawake wanaouza mihogo iliyolowekwa katika masoko ya Kasongo, Kabambare na Kindu, na mwanafunzi atakayetumwa kwao aende na daftari tupu.